Gari la Kale Likifanywa Jipya, Tumehifadhi Nini?

Mnamo tarehe 10 Januari 2020, katika mji wa Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, gari moja lilipandishwa mnadani likiwa katika hali ambayo mwenye gereji yeyote wa hapa kwetu angeona haya kumkabidhi mteja wake. Rangi yake ya kijani iliyokoza ilikuwa imechujuka, bodi ina mabonyeo, viti vimechakaa na kutu imejipenyeza hapa na pale. Dalali alipogonga nyundo yake kwa mara ya mwisho, bei ilikuwa imefika dola milioni 3.4 kabla ya kuongezwa ada ya mnada, yaani zaidi ya shilingi milioni 340 za Kenya kwa kima cha wakati ule. Katika mnada uo huo yalikuwapo magari ya rika lake yaliyosuguliwa yakametameta kama kioo, kila skrubu imewekwa mpya, na yakauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Gari lenyewe ni Ford Mustang GT la mwaka 1968, mojawapo ya mawili yaliyotumiwa katika filamu ya Bullitt, ambayo mwigizaji Steve McQueen anafukuzana na wahalifu kwenye vilima vya San Francisco. Baada ya filamu kwisha, gari hilo lilipita mikononi mwa watu wawili, kisha mwaka 1974 likanunuliwa na baba mmoja wa familia ya kawaida kwa bei ya dola elfu chache. Mke wake alikuwa mwalimu, na gari hili linaloimbwa leo na matajiri ndilo alilokuwa akiliendesha kwenda shuleni kufundisha watoto. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe alimwandikia mwenye gari barua akiomba auziwe. Hakuuziwa. Klachi ilipoharibika yapata mwaka 1980, gari liliegeshwa, na ulimwengu ukalisahau hadi Januari 2018, wakati mwana wa familia hiyo alipolitokeza hadharani katika maonyesho ya magari ya Detroit.

Wapo watakaosema kwamba bei ile ilikuwa ya jina la McQueen wala si ya kutu. Sitabishana nao sana, kwani wanasema kweli kwa kiasi fulani. Lakini hebu tujiulize: wanunuzi walijuaje kwamba hili ndilo gari la McQueen, ilhali Mustang za aina hiyo ziliundwa kwa maelfu? Walijua kwa nambari ya utambulisho na kwa nyaraka, naam. Lakini pia walijua kwa sababu vyuma vilivyochomelewa chini ya bodi ili kushikilia kamera za wapigapicha vilikuwa vingalipo. Fundi hodari wa ukarabati, laiti angelipewa gari hilo miaka ya 1990 na kuambiwa alifanye kama lilivyotoka kiwandani, angelivikata vyuma hivyo siku ya kwanza. Angelivihesabu kuwa kasoro.

Jambo hilo si dhana tupu. Pacha wa gari hilo, lile lililorushwa vilimani na waigizaji wa hatari, lilidhaniwa kuwa lilikwisha kusagwa zamani. Bodi yake iligunduliwa mwaka 2017 huko Baja California nchini Mexico, na waliolikuta walikuwa wamekusudia kulijenga upya liwe nakala ya Mustang ya filamu nyingine kabisa. Kilicholiokoa ni kwamba mtu alisita akachunguza nambari yake kabla ya kazi kuendelea. Kasoro moja tu ya subira, na ushahidi wote ungelimezwa na rangi mpya.

Kwa sababu hiyo nathubutu kutoa rai ambayo najua haitawafurahisha wapenzi wengi wa magari: ukarabati kamili wa magari haya ya kale, jinsi unavyofanywa aghalabu kwa ajili ya wakusanyaji, haupaswi kuitwa uhifadhi. Ni ufundi mkubwa, tena wa kustaajabisha, lakini mara nyingi ni ufundi wa kufuta. Walimu wa historia na wanafunzi wao, ambao kila siku huhimizwa kupambanua chanzo asili na nakala, wana haki ya kulitazama suala hili kwa jicho kali kuliko la dalali.

Kwanza tuyafahamu magari yenyewe. Wamarekani huyapa jina lenye maana ya magari ya misuli, na jina hilo linasadifu. Asili yake ni hila ndogo ya wahandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya General Motors ilikuwa imepiga marufuku kutia injini yenye ujazo uliozidi inchi 330 katika magari yake ya ukubwa wa wastani. Wahandisi wa tawi la Pontiac, akiwamo John DeLorean, walipenya kwenye tundu la sheria hiyo: badala ya kuunda gari jipya, waliitangaza injini ya inchi 389, sawa na lita 6.4 hivi, kuwa nyongeza ambayo mnunuzi wa gari la kawaida la Tempest LeMans angeweza kuiagiza kwa kulipa dola mia tatu kasoro. Nyongeza hiyo wakaiita GTO, jina walilolichopoa kwa Ferrari bila kuona soni. Mwaka huo wa kwanza, 1964, ziliuzwa 32,450.

Kinachostahili kukumbukwa hapa ni nani aliyezinunua. Bei ya GTO ilianzia chini ya dola 3,000. Haikuwa chombo cha mabwanyenye; ilikuwa gari la kijana aliyepata kazi kiwandani au dukani, akataka kwenda kwa kasi kuliko mwenye gari la Kizungu la bei maradufu. Kampuni nyingine zilifuata mbio. Chrysler iliingiza barabarani mwaka 1966 injini yake ya Hemi ya inchi 426, ikiitangaza kuwa na nguvu za farasi 425. Kufikia 1970 Chevrolet ilikuwa ikiuza Chevelle yenye injini ya inchi 454, sawa na lita 7.4, na nguvu za farasi 450 kwa hesabu za siku zile. Bodi zilibaki zile zile za magari ya kupelekea watoto shuleni. Breki nazo, aghalabu, zilikuwa hafifu kuliko busara ingetaka, na ramani za barabara za Marekani zingeweza kuchorwa kwa makaburi ya vijana wa zama hizo. Sisemi hayo kuwadhihaki. Nasema kwa sababu gari linalong'arishwa katika ukumbi wa mnada halisemi.

Zama zenyewe hazikudumu. Makampuni ya bima yalipandisha ada kwa vijana. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ilidai moshi upunguzwe. Mwaka 1971 General Motors ilipunguza mgandamizo katika injini zake ili zitumie petroli isiyo na risasi nyingi, na mwaka 1972 viwanda vikaanza kutangaza nguvu za injini kwa kipimo cha ukweli zaidi, hivyo tarakimu zikaporomoka hata pale ambapo injini yenyewe haikubadilika sana. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vya Oktoba 1973 vikazika kilichosalia. GTO ya awali ilikoma mwaka 1974.

Magari yale yakawa mitumba. Yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yakagongwa, yakaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, yakatelekezwa nyuma ya maghala. Kisha wale wavulana waliokuwa wakiyatamani kupitia vioo vya maduka wakazeeka, wakapata fedha, wakarudi kuyatafuta. Hapo ndipo mtu anapoweza kuona jinsi thamani inavyogeuka. Mnamo 1971 Plymouth iliunda magari ya 'Cuda ya kukunjwa paa yenye injini ya Hemi ambayo idadi yake haikuzidi dazeni moja, kwa sababu rahisi kwamba watu hawakuyataka: injini hiyo pekee iliongeza zaidi ya dola 800 kwenye bei, na bima haikukamatika. Mojawapo ya magari hayo yaliyokataliwa liliuzwa mnadani Seattle mwezi Juni 2014 kwa dola milioni 3.5.

Pindi bei zinapofika huko, ukarabati huacha kuwa mapenzi na kuwa kiwanda. Sharti nieleze namna kazi inavyofanywa, maana bila hayo hoja yangu itaonekana kama wivu wa asiyekuwa nacho. Gari hufunguliwa hadi kubaki mifupa. Bodi huchomekwa kwenye mtambo unaoligeuza juu chini, mfano wa mshikaki juu ya makaa, ili fundi afikie kila pembe. Rangi ya zamani hupigwa kwa mchanga au chembechembe nyingine zinazorushwa kwa hewa ya kasi mpaka chuma kitokeze kitupu. Palipooza hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Bampa na mapambo hupelekwa kuchovywa kromu upya. Injini huchongwa silinda zake, hutiwa pistoni mpya, na kabureta husafishwa hadi tundu lake jembamba kabisa. Kisha rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka, na baina ya tabaka na tabaka husuguliwa kwa msasa laini na maji. Saa zinazotumika huhesabiwa kwa maelfu. Mtu asiyestahi kazi kama hiyo hajui kazi ni nini.

Lakini gari linalotoka hapo ni bora kuliko lilivyokuwa siku liliponunuliwa mara ya kwanza, na hapa ndipo tatizo linapoanzia. Viwanda vya Detroit havikuunda magari namna ile. Milango ilikuwa na nafasi zisizolingana, rangi ilikuwa na michirizi na vipele, na chini ya gari rangi ilirushwa ovyo ikaishia popote ilipoishia. Mafundi wa ukarabati wanalijua hilo fika, na wale walio makini kupindukia hurudishia hata alama za chaki na vidoa vya rangi ambavyo wakaguzi wa kiwandani walivitia kuonyesha kwamba boliti fulani imekazwa. Huzichora wakitazama picha za magari ambayo hayajaguswa. Tazama basi, msomaji, mzunguko huu wa ajabu: alama halisi ya mkono wa mfanyakazi inafutwa kwa mchanga, halafu inaghushiwa kwa uangalifu mkubwa, na majaji wa mashindano wanatoa alama kwa ughushi huo.

Ni mkono wa nani unaofutwa? Plymouth Barracuda na Dodge Challenger za miaka ya 1970 na 1971 ziliundwa zaidi katika kiwanda cha Hamtramck, mji uliozingirwa na Detroit, kiwanda kilichoitwa Dodge Main. Mwezi Mei 1968 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma bila idhini ya chama chao, wakilalamikia kasi ya mstari wa kuundia magari ambayo ilizidi uwezo wa binadamu. Kutokana na mgomo huo, wafanyakazi weusi waliunda kundi lililojulikana kwa kifupi cha DRUM, yaani Harakati ya Kimapinduzi ya Chama cha Wafanyakazi wa Dodge. Madai yao yalikuwa wazi: kwamba watu weusi walisukumiwa kazi ngumu na chafu kuliko zote, kwamba wasimamizi walikuwa karibu wote weupe, na kwamba chama cha wafanyakazi kiliyafumbia macho hayo. Mwaka mmoja kabla, Julai 1967, Detroit ilikuwa imewaka moto na watu 43 wakapoteza maisha. Kiwanda cha Dodge Main kilifungwa mwaka 1980 na baadaye kikabomolewa.

Basi mlango usiolingana na fremu yake, katika gari la 1970 lililotoka Hamtramck, hauwezi kutuambia jina la mtu aliyeufunga. Hata hivyo unatuambia kitu: kwamba mstari ulikuwa ukikimbia na mtu huyo alikuwa na sekunde chache tu kabla ya gari jingine kumfikia. Ukiunyoosha mlango huo ukalingana kwa unywele, umelifanya gari lionekane kana kwamba liliundwa na malaika wasio na haraka. Kiwanda hakipo tena. Wafanyakazi wake wengi hawapo tena. Magari ndiyo nyaraka zilizosalia zenye mikono yao, na sisi tunazipiga msasa.

Najua kinachoweza kujibiwa. Kwanza, kutu haina adabu. Gari lililoachwa liendelee kuoza kwa jina la uhalisi litakuwa vumbi, na vumbi halimfundishi mtu lolote. Hoja hii ni nzito na naikubali: gari ambalo sakafu yake imeliwa hata miguu ya dereva inaning'inia juu ya lami halina njia nyingine ila kukatwa na kuchomelewa. Ningemwita mwendawazimu anayeliendesha vivyo hivyo. Pili, husemwa kwamba ukarabati umeokoa ujuzi wa mikono ambao viwanda vya leo vimeusahau. Nani tena ajuaye kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini? Hili nalo ni kweli, na mafundi wetu wa jua kali, ambao hawakuwahi kuuacha ujuzi huo, watatabasamu wakisikia kwamba huko ng'ambo unahesabiwa kuwa sanaa adimu.

Lakini majibu hayo mawili yanatetea ukarabati wa kile kinachokufa. Hayatetei kulivua gari zima lililo hai kwa sababu tu rangi yake haing'ai. Aidha hayagusi jambo la tatu ambalo wauzaji hawapendi kulijadili kwa sauti: ukarabati kamili ndio pazia ambalo nyuma yake udanganyifu hustawi.

Ili kulielewa hilo, zingatia kwamba thamani ya gari la misuli imejengwa juu ya nambari. Mkusanyaji hutaka nambari iliyogongwa kwenye injini ilingane na nambari ya bodi, kuthibitisha kwamba vyombo hivyo viwili vilizaliwa pamoja. Gari lenye nambari zinazolingana huweza kuuzwa maradufu ya pacha wake ambaye injini yake ilipasuka mwaka 1975 ikabadilishwa. Je, ni muujiza gani basi unaozuia mtu mwenye tamaa kusaga uso wa injini nyingine na kugonga nambari anazozitaka? Kughushi nambari ya utambulisho wa gari ni jinai nchini Marekani, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila jiwe la kunolea. Kuna zaidi: katika Chevelle ya mwaka 1970, nambari ya bodi haisemi kama gari lilitoka kiwandani likiwa la aina ya SS yenye injini kubwa au lilikuwa gari la kawaida la nyumbani. Kinachosema ni karatasi ya maagizo ya kiwandani, ambayo wafanyakazi mara nyingi waliiacha juu ya tangi la mafuta au katikati ya springi za viti, ama dalili ndogondogo katika chuma chenyewe. Panya huila karatasi. Dalili huondolewa na mchanga. Baada ya ukarabati kamili, gari la kweli na la uongo hufanana kama shilingi kwa ya pili, na mnunuzi hubaki akitegemea neno la muuzaji. Waliobahatika ni wapenzi wa Pontiac, ambao kumbukumbu za kiwanda chao zilihifadhiwa na zinaweza kuulizwa.

Hivyo hata kwa hesabu ya fedha, ambayo si hesabu yangu, gari lililoachwa na rangi yake ya kwanza ni shahidi anayeweza kuhojiwa. Ndiyo maana bei za magari yasiyoguswa zimekuwa zikiheshimiwa zaidi na zaidi, na mashindano makubwa ya huko yana kitengo maalumu cha magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa. Soko, ambalo aghalabu ndilo la mwisho kupata akili, limeanza kuelewa.

Wasomi wa majengo ya kale walilitatua suala hili mapema. Mwaka 1964, mwaka ule ule GTO ilipotoka, walikutana Venice wakaandika mkataba unaosema kwa muhtasari kwamba mkarabati anapaswa kukomea pale ubashiri unapoanza, na kwamba michango ya vizazi vyote katika jengo iheshimiwe. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilichukua mawazo hayo mwaka 2012 katika Mkataba wa Turin: kilicho halisi kiachwe kadiri iwezekanavyo, kinachobadilishwa kiandikwe na kitambulike. Sioni kwa nini gari lidaiwe kidogo kuliko ukuta. Nasi tunaoshughulika na lugha tunaijua kanuni hii kutoka katika kazi yetu wenyewe. Mhariri wa utenzi wa kale anayekuta mshororo uliopungua mizani, akautengeneza kimya kimya bila kuweka alama, huwa ametupa ushairi mzuri na kutunyang'anya hati.

Isitoshe, urejeshaji kamili hauwezekani hata kwa anayeutaka. Injini za miaka ya 1960 ziliundwa kwa petroli yenye risasi, na risasi hiyo ndiyo iliyolinda vikalio vya vali visichakae upesi. Marekani iliiharamisha kwa magari ya barabarani kuanzia 1 Januari 1996. Kenya, pamoja na nchi za jirani, iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapa Gigiri, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi duniani inayoiuza kwa magari. Kwa hiyo fundi anayerejesha Chevelle ya kuendeshwa kwa bidii hutia vikalio vya chuma kigumu ambavyo baadhi ya injini hizo hazikuzaliwa navyo, akavifunika, na hakuna jaji atakayeviona. Silaumu. Sumu ile ilidhuru akili za watoto na heri iliyokwenda. Ila mtu aliyekwisha kukubali badiliko hilo moyoni mwa injini hana sababu ya kudai usafi wa kitakatifu katika rangi ya boneti.

Hata sisi tuna kipande kidogo cha hadithi hii. Mwaka 1964 Wamarekani walileta katika mbio za East African Safari kikosi cha Mercury Comet, magari yenye injini za silinda nane na matumaini makubwa. Matope ya kwetu hayakuulizana nayo juu ya nguvu za farasi: mawili tu ndiyo yaliyomaliza, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ndogo iliyoundwa Uingereza. Tuseme mojawapo la yale yaliyokwama lipatikane leo katika banda fulani, bado lina mikwaruzo ya mawe na udongo uliokauka ndani ya fremu. Mwenye fedha angelipeleka likafanywe jipya, lipokelewe kwa makofi katika maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance yaliyoanza Nairobi mwaka 1970. Mimi ningelilia. Gari jipya la Comet la 1964 lilikuwapo katika kila duka la Mercury huko Marekani; lililopigwa na barabara zetu ni lile moja.

Ningependa kuona desturi moja ikiingia miongoni mwa wakusanyaji na mafundi wao, nayo haigharimu sana. Kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa, gari lipigwe picha lote, chini na juu, pamoja na kila alama ya chaki. Kipande cha bodi chenye rangi ya kwanza kiachwe mahali pasipoonekana, hata kama ni ndani ya buti. Kila kilichotolewa, kuanzia nyaya zilizokatika hadi kitambaa cha viti kilichooza, kitiwe katika sanduku na sanduku liuzwe pamoja na gari, likifuatana na daftari linaloeleza nani alifanya nini na lini. Nalo liendeshwe. Gari linalosafirishwa kwa lori kutoka mnada hadi mnada, likiwa na maili 12 tangu kufufuliwa, ni sanamu ya bei yake. Na mnunuzi atakayefika Kissimmee au kwingineko, badala ya kukimbilia kuinamia injini na kurunzi akisaka nambari, aanze kwa kumwambia muuzaji: niletee kwanza lile sanduku.